Sura ya Sita: Jua la Kutundikwa

Mwezi wa Novemba ulikuwa unakaribia kwisha, mvua za pili zimeanza kupungua nguvu huku kwetu Amagoro, na safu ya malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Malaba imerefuka hata kupita vituo vya mafuta, siku ile mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Glasgow, mji wa Uskoti anakofanya kazi, akanisalimu kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, akaniuliza habari za ng'ombe na za mahindi, kisha, baada ya kunyamaza kidogo kama mtu anayeona haya kwa neno analotaka kulinena, akasema: "Mjomba, nimeachiwa kobe. Nimnunulie balbu gani ya kuota jua?"

Kobe mwenyewe alikuwa wa mzee jirani yake, ambaye umri ulimlazimisha kuhamia makao ya wazee, na ambaye alimkabidhi yule kijana mnyama pamoja na kabati lake la mbao na taa moja iliyokwisha kuungua. Kwa picha iliyonifikia jioni ile nilitambua kuwa ni kobe wa madoa, yule ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis kwa kumfananisha na chui, na ambaye jamii yake hutembea katika nyika zinazoanzia Ethiopia, zikapita Kenya na Tanzania, mpaka rasi ya kusini ya bara hili. Basi mnyama wa Afrika yumo ndani ya chumba cha Uskoti, karibu digrii 56 kaskazini ya ikweta, katika majira ambayo mchana wa huko haupiti sana saa saba, na mlezi wake ni kijana aliyezaliwa mahali ambapo ikweta haifiki hata mwendo wa digrii moja. Niliona swali lile limenihusu kwa pande zote mbili.

Sikumjibu siku ile. Alikwisha kuingia dukani akakuta balbu za kila namna zimepangwa ukutani, nyekundu, za buluu, nyeupe, za kujipinda kama konokono, za kauri zisizotoa mwanga kabisa, na kila kasha limeandikwa kuwa hilo ndilo jua lenyewe. Naye muuzaji, ambaye nia yake nadhani ilikuwa njema, akamshauri achukue ile ya bei kubwa. Nikamwomba mpwa wangu anipe muhula wa juma moja, wala asinunue kitu kabla ya hapo ghairi ya themometa mbili, kwa kuwa niliona swali la balbu ni la mwisho katika msururu wa maswali, na lililotangulia yote ni hili: jua lenyewe, lile lisilonunuliwa, humfanyia nini kobe kila siku ya Mungu?

Lugha yetu ina hazina hapa, na mimi niliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi siwezi kuipita bila kuigusa. Mtu huota jua na huota moto, na mbegu nayo huota ardhini, na mja aliyelala huota ndoto. Sijui kama wahenga walikusudia kuyafunga pamoja mambo haya au yalikutana njiani kwa bahati, lakini kila ninapomtazama kiumbe mwenye damu inayofuata joto la mahali alipo, ametandaza miguu juu ya jiwe asubuhi, ametulia tuli, huku uhai ukimpanda taratibu kutoka ndani, huona kuwa kuota kwake jua kunakaribiana mno na kuota kwa mbegu. Msemo wa mitaani hutuambia kwamba ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Asubuhi, walakini, shughuli yake ni nyingine: anakusanya moto wa siku nzima, na mpaka aupate, chakula alichokula jana hakitasagika tumboni, wala mwili wake hautakuwa na nguvu ya kupigana na maradhi.

Katika juma lile nilikwenda Kakapel, ambako si mbali na kwetu, penye miamba iliyochorwa na watu wa kale na inayohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sikwenda kutazama michoro. Nilikwenda kuwatazama mijusi, maana kobe wa madoa si mnyama wa kuonekana kila siku katika mashamba yetu ya mihogo na mtama, lakini waotaji jua wa miambani tunao, na mmojawapo ana sifa ambayo watu wengi wa hapa hawana habari nayo: mwaka 2005 wataalamu wa Ujerumani pamoja na Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa walimtangaza mjusi wa aina mpya aliyepatikana Malaba, wakampa jina la Agama finchi kwa heshima ya Brian Finch, bingwa wa elimu ya ndege. Kwa hiyo mji wetu huu, ambao msafiri huujua kwa malori na wabadilishaji wa fedha, umo pia katika vitabu vya elimu ya viumbe kama nyumbani kwa mwotaji jua mashuhuri.

Nilikaa kivulini na daftari langu tangu jua lilipochomoza, yaani karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa sisi tulio magharibi mwa Kenya hupata mapambazuko nyuma ya wenzetu wa Lamu. Mpaka saa mbili hakutoka yeyote. Kisha mmoja akatoka katika ufa, akajibandika ubavuni mwa mwamba upande wa mashariki, amejibapa kama chapati, akabaki hivyo bila kutikisika; ilipokaribia saa nne alikuwa amekwisha kuinua kichwa na kuanza kukimbizana na wadudu; na saa sita, wakati themometa niliyoilaza juu ya jiwe ilipopita digrii 50, mwamba wote ulikuwa mtupu, kila mmoja amerudi ufani au amehamia kivulini. Nilirudia siku tatu na mambo yakawa yale yale. Jambo nililoliandika kwa wino mwekundu ni kwamba mnyama hapewi joto, bali hulichagua: huja kwalo akilihitaji na hulikimbia likimtosha, na mtu atakayemtundikia jua mahali asipoweza kulikimbia atakuwa amemtundikia mauti.

Kazi hii ya kutega themometa juani ina nasaba ya heshima. Mwaka 1800 William Herschel, mwanafalaki aliyeishi Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu ukagawanyika kwa rangi zake, akaweka themometa katika kila rangi apate kujua ipi yenye joto zaidi, na ile aliyoiweka nje ya wekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote, ikapanda kuzishinda zote. Mwaka uliofuata Johann Wilhelm Ritter huko Ujerumani akatafuta upande wa pili, nje ya urujuani, akakuta kwamba chumvi ya fedha hugeuka kuwa nyeusi upesi zaidi pale pasipoonekana mwanga kuliko mahali panapoonekana. Hivyo katika muda wa miaka miwili wanadamu walijua kuwa jua ni vitu vitatu vinavyosafiri pamoja: joto lililo chini ya wekundu, ambalo leo huitwa infraredi, mwanga tunaouona, na miale ya urujuanimno isiyoonekana na macho yetu. Kobe anaihitaji miale hii yote mitatu, na balbu nyingi za dukani hutoa mmoja au miwili, na kwa kipimo kisichokuwa cha jua.

Tuanze na ule usioonekana wala kuhisika, maana ndio unaosahauliwa, na kusahauliwa kwake huua polepole. Ndani ya ngozi ya kobe, kama ilivyo ndani ya ngozi yetu, kuna mafuta ambayo, yakipigwa na sehemu ya urujuanimno iitwayo B, yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 280 na 315, huanza kugeuka kuwa vitamini D3. Lakini mgeuko huo hukamilishwa na joto la mwili, ambapo ngozi iliyo baridi huukawiza na iliyopata moto huuharakisha. Bila ya vitamini hiyo kalisi hupita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa, mifupa hulainika, na gamba, ambalo kwa kobe ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana na ngozi, hubonyea kwa kidole. Ni ndugu wa maradhi yale ya watoto yaletayo matege, ambayo tabibu wa Berlin, Kurt Huldschinsky, alionyesha mwaka 1919 kuwa yanaponeka kwa kuwaweka watoto mbele ya taa ya zebaki inayotoa miale hii. Nimeona fahari kulitaja jambo hilo, kwa sababu taa inayomponya kobe wa mpwa wangu leo ni mjukuu wa taa ile iliyowaponya watoto wa mji uliotoka katika vita na njaa.

Mpwa wangu alikuwa amefikiri jambo la busara kwa dhahiri yake, nalo ni kulisogeza kabati karibu na dirisha linaloelekea kusini, ili kobe apate walau jua dogo la Uskoti bila ya gharama. Nilimkataza. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huizuia karibu yote ile miale ya B, kwa hiyo mnyama aliye nyuma ya dirisha hupata sura ya jua pasipo faida yake kubwa. Na tena, kabati lenye kioo likipigwa na jua kali siku za Juni hugeuka tanuri.

Sasa joto. Hapa nina haki ya kusema kwa sauti, kwa kuwa huku kwetu balbu ya joto si kitu kigeni: ingia katika duka lolote la pembejeo kati ya Busia na Malaba uulize balbu ya vifaranga, nawe utapewa ile nyekundu ya wati 250 ambayo wafugaji hutundika katika bruda, na ambayo wengi wetu tuliinunua baada ya kuchoka na moshi wa jiko la makaa. Nami niliwahi kuitundika kwa kamba ya katani. Usiku wa nane kamba iliungua kwa joto lenyewe, balbu ikaanguka katika maranda, na kulipopambazuka sikuwa na bruda wala vifaranga mia moja nilivyovileta kwa matumaini makubwa. Kosa lilikuwa langu mimi. Tangu siku hiyo siamini kamba, siamini msumari mmoja, wala siamini kishikizo cha plastiki kilichotengenezwa kwa taa ya kusomea. Nilimwambia mpwa wangu kuwa balbu ya joto hukaa katika kishikizo cha kauri, hufungwa kwa mnyororo wa chuma mahali pawili, na huzungushiwa wavu pale ambapo mnyama au pazia laweza kuigusa, na kwamba haya huja kabla ya mjadala wa aina ya balbu.

Balbu nyekundu yenyewe ni njema kwa vifaranga, ambao hukaa chini yake usiku na mchana kwa majuma machache na ambao wekundu huwapunguzia tabia ya kudonoana. Kobe si kifaranga. Macho yake hutambua rangi nyingi kuliko yetu, na wekundu ambao sisi hudhani haumsumbui usiku yeye huuona; akiishi chini yake aushi yake yote hatapata mchana ulio mweupe wala usiku ulio mweusi. Za buluu, zinazouzwa kwa jina la mbalamwezi, nazo niliziondoa katika hesabu kwa sababu hiyo hiyo. Usiku na uwe giza.

Balbu ya kauri ina mahali pake, nalo ni usiku wa baridi kali, maana hutoa joto bila ya mwanga. Lakini joto lake ni la wimbi refu, ambalo hupasha ngozi ya juu tu na hewa, ilhali jua lililopita angani hutujia kwa wingi na lile joto la wimbi fupi lililo jirani na wekundu, ambalo hupenya ndani ya nyama. Kila aliyekaa mbele ya jiwe la moto na kila aliyekaa juani saa mbili za asubuhi anaijua tofauti hii mwilini mwake, hata kama hajapata kuisoma. Katika balbu tuzijuazo, iliyo karibu zaidi na tabia ya jua katika jambo hili ni ile yenye waya uwakao, na hasa ile ya halojeni, ambayo waya wake huwaka kwa ukali zaidi na kuishi muda mrefu kwa msaada wa hewa iliyofungiwa ndani. Hutoa mwanga mweupe na joto la kupenya kwa pamoja, na bei yake ni ndogo kuliko zile zenye picha ya mjusi juu ya kasha. Serikali za Ulaya zimekuwa zikiziondoa sokoni balbu za namna hii kwa sababu hula umeme mwingi na kuugeuza joto badala ya mwanga. Kwa mtu anayetaka kusoma kitabu, hilo ni aibu ya balbu. Kwa kobe, ndiyo fadhila yake, na zile za LED tunazozisifu majumbani, zisizochoma hata mkono, hazimfai kitu kwa joto.

Lakini zipo halojeni za namna mbili, na hapa ndipo watu wengi huharibu kazi baada ya kuianza vizuri. Moja huukusanya mwanga mahali padogo kama kurunzi. Nyingine huutawanya kwa upana. Gamba la kobe limeinuka kama kuba, na kilele chake ndicho kilicho karibu zaidi na taa. Ukimtundikia balbu ya kukusanya, kilele huungua na kukauka huku miguu na tumbo vimebaki na baridi, naye, kwa kuwa hajapata joto analolitafuta, huendelea kukaa pale pale akizidi kuungua. Joto la balbu hupungua upesi kwa umbali: ukiipandisha kutoka sentimita 30 hadi 60, kinachofika chini si nusu bali karibu robo, na kwa hisabu hiyo hiyo, kilele cha gamba kilicho karibu na balbu hupata zaidi sana kuliko ukingo wake. Dawa ni balbu mbili zinazotawanya, zimewekwa ubavu kwa ubavu na kutundikwa juu kidogo, ili doa la joto limfunike mnyama mzima tangu pua hadi mkia. Kobe huyu ana urefu wa sentimita 25, na nikakisia kuwa mbili za wati 80 kila moja, sentimita 40 juu ya gamba lake, zingetosha. Ila nilimsisitizia kuwa wati ni makadirio ya fundi na themometa ndiyo kadhi. Chini ya taa, katika kimo cha gamba, atafute digrii kati ya 35 na 38. Upande wa pili wa kabati asizidishe 25. Na usiku alishushe joto mpaka karibu 18, kwa maana hata Amagoro, tulio katika kimo cha mita 1,200 hivi, usiku una baridi yake.

Ndio maana nilimwagiza themometa mbili. Moja haitoshi: mwenye moja anajua palipo na moto lakini hajui kama kuna mahali pa kuukimbia.

Kuhusu kukauka, niongeze kwamba gamba linaloota vilima kama piramidi, ambalo zamani watu walilihusisha hasa na chakula kizito, limeonekana kuhusiana zaidi na ukavu: Wiesner na Iben, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2003 juu ya kobe wachanga wa jamii kubwa ya Sahel, waliona vilima vikikua zaidi kwa waliokaa katika hewa kavu kuliko kwa sababu ya wingi wa protini. Kwa hiyo taa inapotundikwa, beseni la maji ya kuogea liwekwe, na udongo wa upande mmoja uloweshwe.

Nilipokuwa nikiyaandika haya nilimkumbuka kobe mwingine wa ugenini, ambaye hakupata kuona balbu. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, alimrithi kutoka kwa shangazi yake mwaka 1780 kobe aitwaye Timothy, ambaye baadaye ilibainika kuwa ni jike, akamtazama kwa miaka mingi kwa uangalifu ambao natamani kila mfugaji angekuwa nao. Na katika mambo aliyoyaandika ni kwamba majira ya kupukutika majani, jua lilipokuwa dhaifu, mnyama yule alikwenda kwenye ukuta wa bustani unaorudisha joto, akauegemea na kuliinua gamba lake upande, ili kila mwale mnyonge ulioanguka umpige sawasawa. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akifanya kwa mwili kile ambacho sisi hufanya kwa hisabu, na mtu akinionyesha kobe aliyejiegemeza kwenye ukuta wa kabati chini ya taa, nitamwambia kwanza aangalie joto, kwa kuwa huenda mnyama anaomba.

Nikirudi kwenye urujuanimno: balbu za halojeni hazitoi miale ya B ya kumtosha, basi inahitajika taa ya pili. Zipo balbu za zebaki zinazojidai kutoa kila kitu kwa pamoja, na kweli hutoa, ila haziwezi kupunguzwa nguvu kwa kidhibiti-joto, zikizimika hungoja mpaka zipoe ndipo ziwake tena, na aghalabu humrundikia mnyama joto mahali padogo, ile kasoro niliyokwisha kuieleza. Zipo vilevile zile ndogo za kujipinda, ambazo baadhi ya zile za awali zilipata kuumiza macho ya wanyama. Niliyomchagulia ni taa ndefu ya mrija iliyotengenezwa kwa wanyama wa jamii hii, yenye kiakisi chake cha kurudisha mwanga, ikae sambamba na zile mbili za joto, ili anapokuja kuota apate moto, mwanga na urujuanimno kutoka upande mmoja na kwa wakati mmoja, kama angekuwa nyikani. Nimekwisha kusema kuwa vitamini huanzishwa na mwale na kukamilishwa na joto, na vitu vinavyofanya kazi moja havipaswi kutenganishwa kwa pembe mbili za kabati.

Kipimo chake je? Jua la ikweta wakati wa adhuhuri hufika 11 na zaidi katika kile kipimo cha urujuanimno ambacho idara za hali ya hewa hukitangaza, lakini mijusi wangu wa Kakapel walinionyesha kuwa adhuhuri mwotaji jua mwenye akili yuko kivulini. Anachokitafuta ni jua la asubuhi. Kwa hiyo nilimwambia apate 3 hadi 5 pale kobe anapoota, na ipungue hadi kitu kisichopimika upande wa kivuli. Ataazima kifaa cha kupimia katika chama cha wafugaji, au afuate umbali ulioandikwa na mtengenezaji, bila ya kioo wala plastiki katikati. Taa hiyo ikae juu, kamwe isiwe ubavuni, kwa kuwa Mola amemwekea kobe jicho chini ya paji linalolikinga na mwanga wa angani, wala hakumwekea kinga ya mwanga unaotoka kando. Na ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inang'aa, maana mwale wa B huchoka kabla ya mwanga, na jicho la binadamu halina shahidi wa kulijulisha.

Yapo maneno ambayo sharti niyaseme kwa msomaji wa hapa nyumbani, asije akasoma sura hii akachukua gunia na kwenda nyikani. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila ya kibali, na ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ndiko pa kuuliza. Mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Kobe bapa wa mawe, ambaye makazi yake ni Kenya na Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia, alichukuliwa kwa wingi mno ili akaishi chini ya balbu za ng'ambo, hata mwaka 2019 mataifa yaliyokutana Geneva yakamwingiza katika daraja la kwanza la wanyama ambao biashara yao imepigwa marufuku. Kila balbu niliyoieleza hapa ni ya kumsitiri mnyama ambaye amekwisha kuwa mbali na jua lake na hana njia ya kurudi. Kumtoa aliye nalo ili kumpa hiyo ni dhuluma.

Juma lilipotimia nilimsomea mpwa wangu daftari lote kwa simu, naye akaandika, akiniuliza tena na tena pale nilipokwenda haraka. Alinunua halojeni mbili za kutawanya, mrija mmoja, kishikizo cha kauri kwa kila balbu, mnyororo, kidhibiti-joto cha namna inayopunguza moto polepole pasipo kuuwasha na kuuzima, na saa ya umeme ya kuwasha taa kwa saa kumi na mbili kamili, mchana wa kwetu. Siku mbili za kwanza kobe hakutoka pembeni. Siku ya tatu kijana alinipigia kabla ya kwenda kazini, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Themometa ya chini ya taa ilikuwa imefika 36. Mnyama ametoka, ametembea mpaka katikati ya mwanga, amenyoosha shingo na miguu yote minne, na sasa amefumba macho.

Huko kwao ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, nje bado giza, na mvua inanyesha. Kwetu ilikuwa saa nne na nusu, saa ile ile ambayo mijusi wa Kakapel huwa wamekwisha kupata moto.